Jina la Tatu la Nyoka

Msabaha Hamad Shaame alirudi nyumbani Woolwich, London, kila jioni akinuka spiriti, na kila jioni mkewe, Ummukulthum, alimzuia mlangoni mithili ya bwana forodha. Koti libaki kwenye msumari wa nje. Viatu vibaki kizingitini. Mwenyewe apite moja kwa moja bafuni, asiguse kiti wala pazia. Majirani wa ghorofa ya tatu walikwisha kuamua kwamba yule mzee mpole mwenye kofia ya viua ni mlevi wa siri, na mmoja wao, bibi wa Kiingereza mwenye huruma zake, aliwahi kumpenyezea chini ya mlango karatasi ya chama cha watu wanaotaka kuacha pombe. Msabaha aliikunja vizuri akaitia mfukoni. Spiriti hakuwa akiinywa. Alikuwa akiwaogeshea nyoka.

Kazi hiyo aliipata ukubwani. Kwao Pemba alikuwa karani wa kupanga daraja za karafuu pale Wete. Gunia linafunguliwa, anachota kitanga kimoja, anatazama, ananusa, kisha anasema hii ya kwanza, hii ya pili, hii imechanganywa na makonyo, vile vijiti vyake, irudi ikapepetwe. Hakuna mkulima aliyeweza kumbembeleza, hata awe shemeji yake, na shemeji mmoja alimnunia kwa hilo miaka minne mizima. Baada ya Mapinduzi mambo yakawa mambo, akahama. Safari yenyewe alipenda kuifupisha: "Tuliondoka, tukafika." Hapo London alifagia stesheni, akalinda mlango wa ghala, akapanga barua za watu, hadi alipoajiriwa kuwa mtunza chupa katika makumbusho madogo ya Ashcombe, nyuma ya Edgware Road. Kwenye usaili walimuuliza kama ana uzoefu wowote wa kupambanua vitu vinavyofanana. Alicheka peke yake kwanza, ndipo akajibu.

Chini ya jengo hilo palikuwa na chumba kisicho dirisha, rafu mpaka darini, na rafuni chupa za mijusi, vyura na nyoka waliokufa kabla babu yake hajaoa. Msabaha aliongeza spiriti pale ilipopungua na kubadilisha lebo zilizofifia. Mwenzake humo alikuwa Gurmit, Singasinga wa Nakuru, fundi wa vioo na vifuniko. Walizungumza Kiswahili kutwa, kila mmoja akikicheka cha mwenziwe. Mkubwa wao alikuwa Dokta Justin, Mwingereza mrefu mwenye soksi zisizowiana, ambaye alijua majina ya nyoka wote wa dunia na hakujua alikoweka miwani yake.

Mwaka 1983 Dokta Justin aliwashushia kazi kubwa. Mkusanyaji mmoja wa zamani alikuwa ameacha chupa mia moja na moja za nyoka wa Kanada, na karibu miaka themanini ilikuwa imepita bila mtu kuwaainisha mpaka mwisho. Ni nyoka mdogo asiye na sumu ya kumtisha mtu, mwenye mistari kutoka shingoni mpaka mkiani. Waingereza humwita garter, kwa kumfananisha na ule ukanda wa kuzuia soksi. Kwenye lebo alikuwa na majina mawili tu, Thamnophis sirtalis. La kwanza ni la jenasi, yaani ukoo mpana. La pili ni la spishi. Lakini nyoka huyu ameenea nchi kubwa mno, na wa huku si sawasawa na wa kule, kwa hiyo wataalamu humwongezea jina la tatu, la nususpishi. Hilo la tatu ndilo lililokosekana.

"Basi huyu kama sisi," Msabaha alimwambia Gurmit. "Jina lako, la baba, la babu. Ila yeye kaandikwa kinyumenyume. Kaanza babu."

Jambo la majina Msabaha alikuwa na ugomvi nalo wa siku nyingi. Ofisa wa uhamiaji aliyempokea alilichukua la mwisho akalifanya ndilo la nyumba, na tangu siku hiyo barua zote za serikali zilimwendea Bwana Shaame, babu yake, mtu aliyezikwa Konde bila kuvuka hata mkondo wa Pemba. Hilo alilicheka. Lililokuwa halimchekeshi ni jingine. Kwao jina la mtu huishi nyuma ya jina la mwanawe, na yeye na Ummukulthum hawakujaaliwa mtoto. Nyuma ya nani angesimama Msabaha? Swali hili hakumuuliza mtu yeyote, lakini lilikuwa likimpitia, hasa kwenye maharusi, pale majina ya bwana harusi yanaposomwa yote matatu kwa sauti.

Ili kumpa nyoka jina la tatu, unatazama mistari, unatazama madoa, na unahesabu magamba. Ya tumbo ndiyo yenye kazi: mapana, moja baada ya moja, kutoka kooni mpaka karibu na mkia, mia na arubaini na kitu. Dokta Justin aliyahesabu kwa mdomo, simu ikalia, akaanza upya. Makumbusho yalikuwa na kidude cha kubonyeza, lakini kiliingia spiriti kikaganda. Ndipo Msabaha alipotoa mfukoni tasbihi ya marehemu mama yake.

Mkono wa kulia ulishika pini, ukigusa gamba. Wa kushoto ulipitisha shanga. Gamba moja, Subhanallah, shanga moja. Mzunguko mmoja ni tisini na tisa, kisha anaongeza zilizobaki. Simu ilie, Gurmit avunje chupa, Dokta Justin aje kuulizia miwani, Msabaha hakupoteza hesabu hata siku moja.

Ummukulthum aliposikia, alishika kichwa. "Tasbihi ya Mama! Unahesabia nyoka?"

"Nayahesabu magamba, kila gamba namtaja aliyeliumba. Wewe ukimenya vitunguu unamtaja nani?"

 Akikata vitunguu Ummukulthum alikuwa na desturi ya kuisema serikali.

Nyoka arubaini waliokusanywa ng'ambo ya mashariki ya mto mmoja wa huko Kanada waliisha mwezi wa kumi na moja. Wiki ile ile, ghorofa ya juu ya basi namba 53, uzi wa tasbihi ukakatika. Shanga zilimwagika zikabingirika mpaka ngazini, na abiria wote, watu ambao kwa kawaida hata salamu hawapeani, wakapiga magoti kuzikusanya. Mmoja alipata mbili ndani ya mwavuli wake. Msabaha alizifunga kwenye leso, akampelekea Ummukulthum, naye akazitunga upya kwa uzi wa nailoni siku ya pili yake. Mambo yakaendelea. Wale sitini na mmoja wa ng'ambo ya magharibi walihesabiwa majira yote ya baridi.

Mwezi wa pili Dokta Justin alishuka ngazi mbio, miwani usoni safari hii. Alikuwa amezipanga hesabu zote. Nyoka wa mashariki walikuwa wa nususpishi inayojulikana, pallidulus, wenye mstari wa mgongoni uliofifia. Lakini wa magharibi, madume kwa majike, walizidi kwa magamba matatu ya tumbo! Mto ulikuwa umewatenga. Hii ilikuwa nususpishi mpya, isiyowahi kuandikwa popote, na desturi ya elimu hii inamruhusu mwandishi kuipa jina la mtu anayetaka kumtukuza.

"Thamnophis sirtalis msabahai," alisema. "Makala naituma katikati ya mwezi ujao. Nimeomba ridhaa yako kwa kuchelewa, naona. Utanisamehe?"

Msabaha alisema atafikiri. Kisha akaenda nyuma ya rafu ya vyura, akasimama hapo kitambo, na Gurmit aliyekuja kumtazama alimkuta anafuta macho kwa kitambaa cha kufutia chupa.

Nyumbani Ummukulthum alilipokea vibaya jambo hili, kwa muda wa dakika kumi hivi. "Watu hupewa mtoto jina, hupewa msikiti, hupewa barabara. Wewe upewe nyoka?" Kisha akauliza kama litaandikwa kitabuni. Litaandikwa. Milele? Milele. Wakikufa wataalamu hawa, watakaokuja watalitumia hilo hilo? Watalitumia. Ummukulthum akatia shungi, akateremka kwa jirani kutoka Mombasa. Kufikia Jumamosi habari ilikuwa imefika soko la Woolwich na imeshavuka Ilford. Kufikia Jumapili alikuwa amempigia simu shoga yake Maskati, na nyoka alikuwa ameshakuwa chatu.

Katika mwezi wa tatu palikuwa na hitima Ilford, ya mwanamke wa Chake Chake aliyefia Dubai. Wanaume waliketi sebuleni, magoti kwa magoti. Baada ya sala ya adhuhuri kila mtu akatoa tasbihi yake kuleta uradi, thelathini na tatu mara tatu. Kando ya Msabaha alikaa Mzee Faki Kombo, mtu wa Micheweni, asiyekosa ulimi.

"Hongera kwa mtoto," Mzee Faki alimnong'oneza. "Nasikia hana miguu."

Watu wakajizuia kucheka. Wakaanza uradi. Msabaha alimaliza, akaweka tasbihi mapajani. Mzee Faki alikuwa bado. Baada ya alasiri, vile vile.

"Msabaha, kuna basi unaliwahi? Mara ya pili hii unanitangulia. Mimi nasoma haraka kuliko wewe tangu tukiwa chuo cha Kurani, unajua."

Alisema kwa mzaha. Lakini Msabaha aliitazama tasbihi yake. Alitoka akaingia chooni kwa wenyeji, akafunga mlango, akazihesabu shanga kwa kidole. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Akarudia, na akarudia tena mpaka mtu akagonga mlango akimuuliza kama anaumwa.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga hesabu. Hesabu yake ilikuwa rahisi, hata mkulima wa karafuu angeifanya. Kila nyoka wa magharibi alimzungushia tasbihi mara moja kamili, akaandika tisini na tisa, na kumbe zilikuwa tisini na sita. Magamba matatu yale hayakuwa ya mto wala ya Kanada. Yalikuwa yake.

Walipofika nyumbani aliiweka tasbihi mezani mbele ya mkewe. Ummukulthum aliitazama, kisha akamtazama yeye, na papo hapo akajua.

"Zilipungua tatu," alisema taratibu. "Nimezitafuta kwenye leso, kwenye koti, kwenye mapindo ya suruali yako. Nikasema nikimwambia atakwenda kulipekua basi zima, na asipozipata atahuzunika, kitu cha mamake. Nikazigawa sawasawa, usijue. Mungu anajua mja wake amekusudia ngapi."

"Mungu anajua," alisema Msabaha. "Dokta Justin hajui."

Akamweleza. Alipomaliza, Ummukulthum alikuwa ameshika shavu. Alifikiri jirani wa Mombasa, alifikiri soko la Woolwich, alifikiri shoga yake Maskati ambaye mwanawe ni daktari na haachi kulisema hilo. Zaidi ya yote alimfikiri huyu aliyekaa mbele yake, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akiimba bafuni, kitu alichokuwa hajakifanya tangu Wete.

"Ukinyamaza," aliuliza, "nani atawahesabu tena?"

"Hakuna. Labda baada ya miaka mia."

"Na jina litakaa."

"Litakaa."

Msabaha aliinamisha kichwa. Alilitaka lile jina. Alilitaka kwa namna iliyomtia haya, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, kulitamani gamba la nyoka kama mtoto anavyotamani kashata. Ummukulthum alinyanyuka akaenda jikoni, akatia maji birikani, akarudi mlangoni bila kuliwasha jiko.

"Lingekuwa gunia la karafuu," alisema, "ungelifanyaje?"

"Ningelirudisha."

"Basi."

Asubuhi yake, makala ikiwa bahashani inasubiri stempu, Msabaha alimwekea Dokta Justin tasbihi juu ya meza akamwomba aihesabu. Dokta alidhani ni mchezo. Alihesabu, akapata tisini na sita, akatabasamu, akangoja. Msabaha akamweleza kuhusu basi namba 53, uzi uliokatika na nailoni. Mkewe hakumtaja, alisema tu kwamba shanga zilipotea naye hakuangalia. Tabasamu lilimwondoka Dokta kidogo kidogo. Aliivuta ile bahasha, akaifungua, akausoma ukurasa wa kwanza kama anayesoma barua ya posa iliyokataliwa. Kisha, lililomshangaza Msabaha, akaanza kucheka, na akacheka mpaka Gurmit akaja juu kutazama.

"Tutawahesabu upya," alisema alipopata pumzi. "Wote sitini na mmoja."

Iliwachukua siku kumi na moja. Msabaha alishika pini na kutaja kwa sauti, Gurmit akapiga mistari kwenye daftari, tano tano, akilalamika kwamba macho yake yamekuwa na magamba. Dokta Justin alilinganisha. Siku ya mwisho aliwaita, akafungua madaftari mawili, la zamani na jipya, akayaweka bega kwa bega.

Nyoka wa kwanza alipungua matatu. Wa pili, matatu. Wa thelathini, matatu. Wa sitini na mmoja, matatu. Hakuna aliyepungua mawili, hakuna aliyepungua manne. Nususpishi mpya haikuwapo tena. Wote walikuwa pallidulus, ndugu wa wale wa mashariki, na mto haukuwatenga na mtu.

"Bwana Msabaha," alisema Dokta Justin, na hakuwa anacheka sasa. "Mimi nikihesabu nyoka kumi mara mbili, napata majibu kumi na matano. Wewe umehesabu sitini na mmoja, na kosa lako ni lile lile moja, na umelileta mwenyewe. Unajua lebo ya ndani ya chupa ina nini chini ya majina ya nyoka?"

Msabaha alijua. Chini huandikwa jina la mtu aliyemchunguza nyoka na kuthibitisha kwamba ndiye. Miaka yote aliandika hapo jina la Dokta Justin kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino mweusi usioyeyuka.

"Hilo ndilo tunalolitazama kwanza, sisi. Jina la nyoka linaweza kubadilishwa kesho na mtu mwingine. Lakini tukifungua chupa tunauliza, nani alisema hivi, na je, ni mtu wa kuaminika? Hizi sitini na moja zithibitishe wewe. Na usiandike Shaame peke yake. Andika yote."

Aliandika yote. Ilimchukua wiki, kwa sababu hakutaka hata herufi moja itetemeke. Gurmit alifunga vifuniko kimoja kimoja, na kwenye cha mwisho akasema, "Wewe bwana ulikuwa unataka mtoto mmoja wa jina. Sasa uko na sitini na moja, na hakuna hata mmoja atakuomba ruhusa ya kutoka."

Mwezi wa tano makumbusho yaliwakaribisha jamaa za wafanyakazi. Ummukulthum alikuja amevaa nguo zake za maharusi, mtandio umebanwa puani, na mkononi ameshika tasbihi. Alikuwa ameitunga tena. Shanga tatu zilizokosekana alizinunua duka la Edgware Road. Rangi yake haikupatikana, kwa hiyo zilikuwa za buluu, moja katika kila theluthi, wazi wazi, mtu asidanganyike tena.

Alisimama mbele ya rafu. Kiingereza alikisoma kwa shida na Kilatini hakukijua kabisa, lakini mstari wa chini aliusoma bila kukwama, kwa sauti kama ya msomaji wa nikahi: "Msabaha Hamad Shaame." Akasogea chupa ya pili. "Msabaha Hamad Shaame." Alipita rafu nzima hivyo, akaja ya pili, ya tatu, kila chupa jina, kila jina shanga. Hakuna aliyemharakisha.

"Sitini na moja," alisema alipomaliza. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Spiriti yenu hii inawasha."

Chupa zote zilikuwa zimefungwa na Gurmit, ambaye kifuniko chake hakipitishi hata pumzi. Msabaha alisema ndiyo, inawasha sana.

Walirudi pamoja kwa basi, wamekaa juu, mbele. Kufika mlangoni kwao Msabaha alivua koti akalitundika kwenye msumari wa nje, akainama kufungua viatu kama ada. Ummukulthum alikuwa ameshaingia na viatu vyake, na mtandio wake, ameketi kwenye kiti kizuri cha sebuleni.

"Pita, bwana," alimwita. "Leo tunanuka sote."